Mabomu ya kupenya ardhini na mahandaki ya chini ya milima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Juni 2025, Marekani ilipodondosha mabomu kwenye kituo cha kurutubisha urani cha Fordow nchini Iran, mabaraza ya kahawa ya Ngamiani yamegeuka vyumba vya mikakati ya vita. Kashata haijaisha mkononi, mlima umeshabomolewa mara tatu. Hapa tunajibu yale yanayoulizwa zaidi Tanga mjini, kwa tarakimu, na kwa mifano ambayo mchimba kisima au mpasua mawe wa Pongwe anaijua kwa mikono yake.

Handaki "lililoimarishwa" ni lipi hasa?

Yapo ya aina mbili, na mabishano mengi huharibika kwa kuyachanganya. La kwanza ni la kuchimba na kufukia. Unafungua shimo la wazi, unajenga ukumbi wa zege na nondo, kisha unarudishia zege jingine na udongo wa mita kadhaa juu yake. Kumbi za Natanz, kituo kingine cha urani cha Iran, zilijengwa hivyo. La pili ni la kutoboa mlima ubavuni, kama panya buku aingiavyo ukingoni mwa shamba, mpaka juu ya kichwa chako pawe na makumi ya mita ya mwamba ambao haujawahi kuguswa. Fordow, karibu na mji wa Qom, ni la aina hii ya pili. Kumbi zake zinakadiriwa kuwa mita 80 hadi 90 chini ya uso wa mlima. Mahandaki ya kituo cha Isfahan, nchini humohumo, nayo ni ya kutoboa mlima.

Aina ya kwanza hufikiwa kwa bomu zito linalopita moja kwa moja darini. Aina ya pili, kwa bomu lisilo la nyuklia, haifikiwi kwa kupita mwambani. Inafikiwa kupitia tundu ambalo mwenye handaki alilitoboa mwenyewe, kwa sababu watu na mashine walio chini lazima wapumue. Ukilishika hili, majibu mengi yaliyobaki utayapata kabla hujayasoma.

Ndani ya bomu la kupenya mna nini?

Vitu vinne. Ganda la chuma kigumu cha aloi, lililochongoka na nene zaidi puani. Baruti ndani yake. Fyuzi, yaani kiwashio, ambayo hukaa nyuma na si puani, kwa kuwa pua ndiyo inayopokea kipigo. Na mkia wenye mapezi yanayogeuka ili kulielekeza bomu kwa GPS au kwa mwale wa leza.

Tofauti yake na bomu la kawaida iko kwenye uwiano. Mk 84, bomu la kawaida la kilo 900 hivi, limebeba baruti kilo 429, karibu nusu ya uzito wote. BLU-109, la kupenya, lina uzito wa karibu hivyohivyo lakini baruti ni kilo 240 tu. Jitu lao, GBU-57, lina tani 13.6, urefu wa mita 6.2 na unene wa sentimita 80, na baruti yake ni tani 2.4, chini ya moja ya tano. Kilichobaki karibu chote ni chuma. Ndiyo maana mwaka 1991, walipohitaji ganda gumu upesi kwa vita vya Ghuba, Wamarekani walichukua mitutu ya mizinga ya milimita 203 iliyokuwa imestaafu, wakaikata na kuijaza baruti. Likazaliwa bomu la GBU-28 katika wiki chache. Mtutu ni chuma kilichokwisha kuzoea mshindo.

Kwa nini wasiangushe tu bomu kubwa kuliko yote juu ya mlima, mambo yakaisha?

Muulize mpasua mawe yeyote. Baruti haiwekwi juu ya jabali. Unatoboa tundu kwa drili, unaiingiza ndani, unaziba juu kwa kokoto laini na udongo, ndipo unawasha. Ukiiweka juu ya jiwe utapata kelele na vumbi, jiwe litakutazama. Mlipuko hufuata njia rahisi, na njia rahisi ni hewani.

GBU-43, ile iliyopewa jina la "mama wa mabomu yote", ina uzito wa karibu tani 9.8 na ilitumika Afghanistan, mkoa wa Nangarhar, tarehe 13 Aprili 2017. Wengi huitaja kama bomu la mahandaki. Siyo. Ganda lake ni jembamba na limeundwa lilipuke juu kidogo ya ardhi. Linaua walioko midomoni mwa mapango na kubomoa vilivyo karibu na uso, lakini ukumbi ulio mita 80 chini ya mwamba hauguswi.

Linapenyaje basi? Si litapasuka tu likigonga mwamba?

Chukua mtaimbo wa kilo 8, na sahani ya chuma ya kilo 8. Viangushe vyote kutoka kimo kimoja kwenye udongo mgumu. Uzito ni uleule, ila mtaimbo utasimama ardhini na sahani italala. Kinachoamua ni uzito uliobebwa na kila sentimita ya ncha.

Kwa GBU-57, gawanya tani 13.6 kwa nusu mita ya mraba, ambayo ndiyo sura yake ukiitazama kwa mbele. Unapata tani 27 kwa kila mita ya mraba. BLU-109 inapata 8 tu. Hapo ndipo urefu unapokuwa na faida: bomu refu jembamba hushinda fupi nene la uzito uleule.

Kitu cha pili ni kasi. Bomu hili halina injini, linaanguka tu. Kutoka kilomita 12 juu, kama kusingekuwa na hewa, lingefika chini likienda mita 485 kwa sekunde. Hewa hulipunguza. Kasi iliyotajwa na makamanda wa Marekani kwa Fordow ni zaidi ya futi 1,000 kwa sekunde, yaani zaidi ya mita 300, karibu na kasi ya sauti.

Swali linalofuata huja lenyewe: kwa nini wasilifunge roketi liende kasi zaidi? Yapo yaliyofungwa, madogo. Lakini ukikaribia kilomita moja kwa sekunde mwamba huanza kuila pua ya chuma, na ganda hupinda au kupasuka kabla ya kufika. Kwa hiyo kina hakiongezeki bila mwisho.

Na jambo moja ambalo watu hulikosea: si mgongano unaovunja. Tani 13.6 kwa mita 300 kwa sekunde ni nishati ya megajuli 600 hivi. Tani 2.4 za baruti zina kama megajuli 10,000. Mgongano kazi yake ni kupeleka mzigo ndani.

Udongo, tumbawe, zege, granaiti: tofauti ni kubwa kiasi gani?

Kubwa kuliko tofauti ya bomu moja na jingine. Mfano mzuri ni majaribio ya GBU-28 ya Februari 1991. Lilipoangushwa jangwani Nevada lilizama ardhini zaidi ya mita 30, likaachwa hukohuko. Lilipofyatuliwa kwenye reli ya majaribio likapita zege la zaidi ya mita 6. Bomu moja, kasi zisizopishana sana, na kina kimegawanyika mara tano.

Ugumu hupimwa kwa mgandamizo. Zege la C25 ambalo fundi wa hapa huliweka kwenye nguzo na slabu, likisimamiwa vizuri, huhimili nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Granaiti nzima huhimili 100 hadi 250. Zege la kisasa la nguvu ya juu, lenye unga wa silika na nyuzi za chuma, linafika 150 na kupita. Jiwe la matumbawe lililojengea misikiti ya Kaole kule Bagamoyo lina matundu matundu na hupasuliwa kwa sururu. Pwani yetu yote, kwa macho ya mjenzi wa handaki, ni mahali pabaya.

Lakini ugumu peke yake hautoshi. Mwamba wenye nyufa nyingi hupenyeka kwa urahisi zaidi kuliko kipimo cha maabara cha kipande chake kimoja kinavyosema. Na nondo, kinyume cha dhana ya wengi, hazilizuii bomu. Kazi yake ni kushikilia vipande vya zege visimwagike, na kulifanya bomu linalofuata likute kitu kilichoshikana badala ya kifusi.

Tunasikia GBU-57 inazama futi 200. Ni kweli?

Tarakimu hiyo, mita 60 hivi, imetajwa na jeshi la anga la Marekani lenyewe. Kinachokosekana ni jina la kitu kinachopenywa. Ukitumia hesabu za kukadiria zilizochapishwa wazi miaka mingi, uzito huo na kasi hiyo vinatoa makumi ya mita kwenye udongo, lakini mita chache tu kwenye mwamba mzuri, kati ya 6 na 10. Kuna kanuni ya zamani ya haraka: zidisha urefu wa bomu kwa uzito wake wa ujazo, gawa kwa uzito wa ujazo wa mwamba. Mita 6.2 mara 4.4 gawanya kwa 2.6 ni kama mita 10. Kanuni ya mezani tu, lakini inakuonyesha kwamba mita 80 za mwamba haziliwi kwa bomu moja, wala kwa mawili.

Nini huharibika katika shambulio la namna hii?

Mengi, na yote katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Pembe ndiyo mwizi mkubwa. Bomu linatakiwa ligonge uso likiwa limesimama, na mwili wake uelekee palepale linapokwenda. Likiinama, pua hupata msukumo wa upande, njia inapinda kama ndoano ya samaki na bomu linaweza hata kugeuka kuelekea juu. Uso wa mlima una mteremko, kwa hiyo "wima" kwa ramani si "wima" kwa mwamba. Wajenzi wanalijua hilo, ndiyo maana hutandaza mabamba ya zege au majabali makubwa juu ya handaki, si ili yazuie bomu bali yaliyumbishe au yalipasue kabla ya wakati.

Fyuzi nayo ina mateso yake. Bomu linaloingia kwa mita 300 kwa sekunde na kusimama ndani ya mita 8 limepunguzwa kasi kwa nguvu ya mara 570 hivi ya uzito wake, ndani ya sekunde 0.05. Kipande cha gramu 10 ndani ya fyuzi kinajiona kina karibu kilo 6. Waya zinakatika, kiungio cha risasi kinaachia, na bomu linabaki chuma kilichozikwa. Fyuzi ikipona, kazi inayobaki ni muda. Kwa kasi ile, elfu moja ya sekunde ni sentimita 30. Ukumbi wenye kimo cha mita 6 unapitwa kwa elfu 20 za sekunde. Ukiwahi, umelipuka kwenye dari. Ukichelewa, uko chini ya sakafu. Fyuzi za kisasa zinahisi tofauti ya ukinzani: zinahesabu tabaka, au zinatambua bomu limetokea kwenye uwazi.

Baruti yenyewe inaweza kuwaka kwa mshindo kabla ya zamu yake. Hutumika michanganyiko yenye utomvu wa plastiki ili isiwe kali kwa mgongano.

Mwisho, usahihi. Mpango wa kurudia tundu moja kwa mabomu mfululizo unahitaji bomu la pili lipite mahali pa la kwanza, tundu la upana wa mita moja hivi, wakati kosa la mita mbili au tatu kwa GPS ni hali ya kawaida. Na ndani ya tundu kuna kifusi. Kifusi hupenyeka vizuri kuliko mwamba, lakini hakinyooshi njia.

Fordow walifanyaje, kama mwamba haupitiki?

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Juni 2025, ndege 7 za Marekani za kudondosha mabomu, aina ya B-2, zilidondosha mabomu 14 ya GBU-57: 12 Fordow, 2 Natanz. Ilikuwa mara ya kwanza kwa bomu hili kutumika vitani.

Kwa maelezo aliyoyatoa siku chache baadaye Jenerali Dan Caine, aliyekuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi ya Marekani, shabaha ya Fordow ilikuwa mashimo mawili ya hewa. Kila moja lina shimo kuu katikati na madogo mawili ubavuni, kama uma wa meno matatu. Siku chache kabla ya shambulio Wairani walikuwa wameyafunika kwa vifuniko vya zege. Kila shimo likapangiwa mabomu 6. La kwanza ling'oe kifuniko. La pili hadi la tano yashuke ndani ya shimo kuu yakalipuke kwenye eneo la kazi. La sita lilikuwa la akiba, lijaze pengo kama mojawapo lingeshindwa. Maofisa walikuwa wamelisoma handaki hilo kwa miaka 15: jiolojia yake, mashine zilizoingizwa, kifusi kilichotolewa. Picha za setilaiti za siku iliyofuata zilionyesha matundu 6 katika makundi mawili ya matatu, na vumbi la kijivu lililofunika mlima.

Tazama basi kazi ilivyokuwa. Zile mita 80 za mwamba hazikupigwa. Kilichopigwa ni kizibo cha zege na bomba la hewa. Ndani ya kumbi, silaha halisi ni wimbi la mgandamizo. Hewani mlipuko hupungua nguvu haraka kadiri unavyosambaa. Ndani ya handaki hauna pa kusambaa, unakimbia kwenye njia kama maji kwenye mtaro. Na shabaha yenyewe ni dhaifu. Sentrifuji ya kurutubisha urani ni silinda nyembamba inayozunguka kwa kasi kubwa mno, imesawazishwa kwa umakini kiasi kwamba mtikisiko tu unaitosha. Mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, Rafael Grossi, alisema siku chache baadaye kwamba sentrifuji za Fordow hazifanyi kazi tena. Hakusema mlima umeanguka, wala hakukuwa na haja uanguke.

Na Isfahan, kwa nini hawakutumia bomu hilohilo?

Caine aliwaeleza maseneta kwamba ni kirefu mno, bomu lisingefaa. Majengo ya juu na milango ya mahandaki vilipigwa kwa makombora ya Tomahawk kutoka nyambizi. Hakuna jibu fupi zaidi la swali la "inawezekana?" kuliko hilo.

Ndege gani zinaweza kubeba mzigo huu?

GBU-57, B-2 peke yake ndiyo iliyoitumia vitani, mabomu mawili kwa kila ndege. Marekani inazo 19. Safari ya Juni 2025 ilianzia Missouri, karibu saa 18 kwenda, kwa kujazwa mafuta angani zaidi ya mara moja. GBU-28 inabebeka na ndege ya kivita kama F-15E. Nchi isiyo na ndege ya kubeba tani 13 haiwezi kuazima bomu ikafunga chini ya bawa lolote.

Kuna njia ya kulizima handaki bila kufika ndani?

Ipo, na mara nyingi ndiyo yenye akili. Handaki linaishi kwa umeme, hewa, maji na mlango. Natanz ni ushahidi. Israel iliposhambulia Juni 13, 2025, iliharibu mitambo ya umeme iliyoko juu ya ardhi. Grossi akasema siku chache baadaye kwamba kukatika ghafla kwa umeme huenda kumeziharibu vibaya sentrifuji zilizokuwa chini, kabla ya GBU-57 kutumika. Mashine inayozunguka kwa kasi hiyo haizimwi kama feni.

Kuziba milango ni njia nyingine, lakini inarudishika. Katapila, tipa na wiki kadhaa, mlango unafunguka. Kuna kinaya hapa: kabla ya shambulio, setilaiti ziliona malori Fordow na milango ikijazwa udongo na wenyewe. Udongo mlangoni hunyonya mlipuko. Mwenye nyumba kajifungia, na aliyetaka kumfungia kapunguziwa kazi.

Na kuna kitu ambacho hakuna bomu linalokiweza, nacho ni mzigo uliohamishwa. Iran ilikuwa na zaidi ya kilo 400 za urani iliyorutubishwa kwa asilimia 60, katika mitungi inayobebeka kwa gari. Shabaha ni mahali. Mitungi si mahali.

Kwa nini wajenzi wasichimbe chini zaidi, mita 500, wakapumzika?

Wanaochimba visima hapa wanajua: mita kumi za kwanza hazifanani na mita kumi za tatu. Kila kina kinadai hewa zaidi isukumwe, maji zaidi yapampiwe, joto la mashine zaidi litolewe. Kwa hiyo mashimo yanaongezeka au yanapanuka, na kila shimo ni mwaliko. Kituo cha Cheyenne Mountain huko Colorado kiko chini ya karibu mita 600 za granaiti, majengo yake yamekalishwa juu ya springi zaidi ya 1,300, na kila mlango wake una uzito wa tani 23 hivi. Njia kuu ya kuingilia inapita mlimani moja kwa moja na kutokea upande wa pili, na milango imewekwa ubavuni mwa njia hiyo, ili wimbi la mlipuko lipite zake bila kugonga hodi. Mjenzi mzuri humalizia akili yake kwenye kona na milango zaidi kuliko kwenye kina.

Vita vya zamani vinatufundisha nini?

Kwamba kutikisa msingi hufanya kazi kuliko kutoboa paa. Mwingereza Barnes Wallis alibuni Tallboy, bomu la tani 5.4, lianguke pembeni ya shabaha, lizame, lilipuke chini na kuacha pango ambamo jengo linaporomokea. Usiku wa tarehe 8 Juni 1944 Tallboy zilidondoshwa kwenye handaki la reli la Saumur, Ufaransa, na moja ikapenya kilima na kulipuka ndani ya njia yenyewe. Huko Wizernes, pia Ufaransa, Wajerumani walikuwa wamejenga kuba la zege lenye unene wa mita 5 kukinga mradi wa roketi za V-2. Kuba halikuvunjika. Kilima kilichozunguka ndicho kilichomeguka, njia zikafukiwa, kazi ikaachwa. Ukienda leo kuba bado lipo, zima.

Grand Slam, la tani 10, lilipiga karakana ya nyambizi ya Valentin karibu na Bremen, Ujerumani, Machi 27, 1945. Mabomu mawili yalizama nusu ya dari la mita 4.5 na kulipuka humo, na zege lililobaki chini likaporomoka. Kufika hakukuhitajika, kukaribia kulitosha. Kwa dari la mita 4.5, si kwa mlima.

Mapango ya Amboni yangefaa kuwa handaki?

Hili huulizwa kila mara, pengine kwa utani. Hapana. Mwamba wa Amboni ni chokaa iliyoliwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Una nyufa, matundu na dari zisizolingana unene, na wimbi la mlipuko lingepenya kutoka chumba hadi chumba bila kubisha. Maji ya mvua hupita humo humo.

Lakini pango hilo lina somo jingine. Mzee yeyote atakwambia linafika Mombasa. Wapimaji wa Kijerumani na Kituruki mwaka 1994 walikuta mapango kumi yaliyotengana, refu kuliko yote mita 900. Jasusi anayepanga shambulio yuko kwenye hali ya yule mzee mpaka apate vipimo. Akiamini pango linafika Mombasa, atatupa mabomu mahali pasipo na kitu.

Bomu la nyuklia lingemaliza?

Lingefika kina kirefu zaidi kwa mtikisiko, kwa gharama isiyolipika. B61-11 ya Marekani, iliyoingia kazini 1997, huzama mita chache tu. Mita hizo chache huongeza mtikisiko ardhini mara 15 hadi 25 ukilinganisha na mlipuko wa juu, lakini hazitoshi hata kidogo kuzuia vumbi la mionzi lisitoke. Ili mlipuko wa kilotani chache ubaki chini, ungehitaji kuzikwa makumi mengi ya mita, na hakuna ganda linalofika huko zima. Mradi wa bomu jipya la namna hiyo ulinyimwa fedha na Bunge la Marekani na kuachwa mwaka 2005.

Kituo cha urani kikipigwa, mionzi inaweza kufika Tanga?

Hapana. Kwanza, kuna zaidi ya kilomita 4,000 kati ya Qom na hapa. Pili, urani ambayo haijaingia kwenye kinu cha nishati ina mionzi midogo. Kinachotisha ni gesi yake, hexafloraidi ya urani, ambayo ikikutana na unyevu hutoa asidi kali ya floridi. Hiyo ni hatari ya kemikali kwa walio karibu. Baada ya Juni 2025 shirika la atomiki halikuripoti ongezeko la mionzi nje ya vituo. Kinu cha umeme wa nyuklia kama cha Bushehr, Iran, kingekuwa habari nyingine kabisa.

Raia walio ndani je?

Tarehe 13 Februari 1991, mabomu mawili ya leza yaliingia kwenye kimbilio la Amiriyah, Baghdad. Moja lilifungua paa, la pili likapita tundu hilohilo. Zaidi ya raia 400 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Marekani ilisema ilikichukulia kuwa kituo cha kijeshi cha mawasiliano. Kila tulichoeleza hapo juu kilifanya kazi siku ile barabara: pembe, fyuzi, usahihi. Kilichokosewa ni kujua nani yuko chini. Zege halina dirisha la kuchungulia.

Nitajuaje kama shambulio limefaulu, kila upande unapotangaza ushindi?

Picha ya tundu haitoshi. Tundu la kuingilia huwa dogo hata pale mambo yalipoenda sawa, na mlipuko wa chini sana unaweza usiache alama juu. Baada ya Fordow, tathmini ya awali ya idara moja ya ujasusi wa kijeshi ya Marekani iliyovuja ilisema miezi michache ya kuchelewa. Wiki moja baadaye wizara yao ya ulinzi ikasema mwaka mmoja hadi miwili. Ni nchi ileile.

Tazama mambo ya chini chini. Barabara ya kituo inalimwa upya? Winchi au kreni zimesimama juu ya mashimo ya hewa? Nyaya mpya za umeme zimevutwa? Na angalia marundo ya kifusi nje ya milango. Mwamba uliotoka ndani hivi karibuni huwa na rangi tofauti na ule uliopigwa jua kwa miaka, na rundo jipya la rangi hiyo maana yake kuna watu ndani na wanachimba.